Siku Nilipomfunga Kamba Baba Mkwe

Mimi watu wakianza kusimulia mambo yao ya vita ya Kagera huwa natafuta sababu ya kwenda kuangalia mbuzi, hata kama mbuzi wenyewe wameshalala, kwa sababu najua zamu itazunguka mpaka inifikie na mtu mmoja atasema haya Deo, na wewe ulikuwa jeshini, tuambie, na mke wangu akiwa karibu atajiziba mdomo kwa kanga kabla sijasema neno. Wenzangu walivuka mto, walisikia risasi, mmoja ana kovu begani ambalo hulionyesha hata asipoombwa. Mimi nilichovuna vitani ni aibu, na aibu yenyewe haikuletwa na adui, niliileta mwenyewe kwa akili zangu timamu, mchana kweupe, mbele ya wakubwa wa mkoa, kwaya ya shule na kijiji kizima. Leo nitasema, lakini atakayeipeleka habari hii kilabuni nitamjua tu (wewe unayetabasamu hapo mlangoni nimeshakuona).

Nilikuwa koplo, fundi wa injini za ndege za kivita. Kwetu ni Ngara, nimekulia kwenye migomba, nikachukuliwa jeshini, nikapelekwa ng'ambo kusomea kazi, nikarudi najua kufungua injini ya jeti na kuifunga tena bila kubakiza nati mkononi, na huko nikaiacha ile tabia yetu ya kuchanganya l na r, au nilidhani nimeiacha. Vita ilipoanza, ndege yetu moja ilipata hitilafu ikalazimika kutua kwenye kiwanja kidogo cha changarawe nje ya Biharamulo, kiwanja ambacho mpaka siku ile wateja wake wakubwa walikuwa mbuzi, na katika kutua ikafyonza kokoto zikaharibu mapanga ya ndani ya injini. Tukaletwa kwa lori tuitengeneze palepale. Tulikuwa na Luteni, mkubwa wetu, mtu wa Pwani asiyepandisha sauti hata akikasirika (na hiyo ndiyo ilikuwa inatutisha), Saidi, fundi mwenzangu kutoka Tanga, mtu wa kucheka kila kitu, na mimi.

Kwa wasiojua, injini ya jeti ina mdomo na ina mkia, mbele inavuta na nyuma inatema, na ukitaka kuijaribu ikiwa ardhini unaifunga ndege kwa minyororo, unaweka magogo kwenye magurudumu, unawafukuza watu na mifugo, halafu unaiwasha na kuisikiliza. Sisi tulikuwa tunaiwasha kila alasiri. Tukiizima, lile bomba la nyuma linapotokea moto hubaki na joto kwa muda mrefu sana, na tukishalifunika kwa turubai zito kuzuia mvua na popo, ndani kunakaa vuguvugu kama jikoni baada ya chakula. Hilo la vuguvugu likumbukeni.

Siku zile kila mtu alikuwa na macho mgongoni. Redio inasema tuwe macho, balozi wa nyumba kumi anasema tuwe macho, padri naye katika mahubiri anasema tukeshe (yeye alikuwa na maana yake lakini sisi tulielewa ileile). Mgeni akiuliza njia anapelekwa ofisi ya kijiji. Muuza sufuria mmoja alishikwa Nyamahanga kwa sababu sufuria zake zilikuwa zinameta juani, watu wakasema anaita ndege za adui, za yule Nduli, akaokolewa na mama mmoja aliyeapa kwamba ni shemeji yake. Kuwasha moto nje usiku ilikuwa marufuku, na karibu na kiwanja hata moshi wa mchana ulikatazwa. Katika wote hao wenye wasiwasi, wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa nimefundishwa habari za hujuma, basi nikawa naziona kila mahali, hata kunguru akirudi mara mbili juu ya ndege namtazama vibaya.

Sasa katika hali hiyo ndiyo nikapenda. Yustina alikuwa miongoni mwa wasichana na akina mama wa kijiji cha ujamaa waliokuwa wanatupikia uji na chakula, na baba yake, Mzee Bayaga, Mhangaza wa Ngara kama mimi, aliyehamia huku zamani, alikuwa mgambo aliyepewa kazi ya kulinda ndege yetu kwa rungu na filimbi. Kila nikifika namwambia shikamoo mzee, anaitikia marahaba kama baba, halafu anakaza miguu na kunipigia saluti kama mtu wa chini yangu, nami sijui niangalie wapi. Nilipomweleza nia yangu akasema nilete watu wangu mwisho wa mwezi, ukoo wake utakuwepo.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kwetu anayekwenda kuposa anakwenda na urwagwa, pombe ya ndizi, mitungi inayoonekana, na pombe hiyo inatoka upande wa mwanamume. Ukienda mikono mitupu ukoo wa binti hausikii hata salamu yako, na upande wa binti kukupikia ni jambo lisilotajwa, ni sawa na mzee kujiposea mwanawe mwenyewe. Mimi baba yangu alishafariki, baba mdogo alikuwa Ngara, barabara zimejaa malori ya jeshi, ruhusa nimenyimwa. Nilimlalamikia Yustina mara moja tu pale kisimani kwamba naogopa nitakosa pombe na nitamkosa yeye, akajitwika ndoo yake akaondoka, nami nikasahau kama nilisema.

Basi asubuhi moja nafungua turubai la bomba la nyuma nikaona ndani kipande cha jani kavu, refu, limechanika. Nikaingiza mkono nikagusa kitu kinachonata, cheusi, kimeshika kwenye chuma. Nikanusa. Kulikuwa na harufu tamu ambayo haikuwa ya mafuta ya jeti, yale yanayonuka kama mafuta ya taa. Nikamuuliza Mzee Bayaga kama ameona mtu yeyote karibu na ndege, naye akaangalia pembeni, kule kwenye vichaka, akasema, "Sijaona mtu, afande. Nimekaa macho, sijarara."

Mtu mwenye akili angemwita Luteni pale pale amwonyeshe jani, au angemkalia mzee kitako amuulize vizuri kwa Kihangaza. Mimi niliamua kunyamaza. Nilikunja lile jani nikalitia mfukoni nikasema huyu jasusi nitamshika mwenyewe, Luteni atajua kwamba mimi si fundi wa spana tu, na mzee atajua binti yake anakwenda kwa mwanamume wa namna gani. Ni uamuzi mdogo tu, wa kutia jani mfukoni, na mambo mengine yote yalitoka humo.

Nikaanza kuchunguza. Ule unato nilimwonyesha Saidi bila kumwambia umetoka wapi, akasema ni gundi, nami nikajijibu moyoni kwamba gundi kazi yake ni kubandika, sasa nani anataka kubandika nini ndani ya ndege ya jeshi? Nikaanza kumtazama mzee. Nikagundua kwamba anafika kabla ya zamu yake, anaondoka na gunia mgongoni, na nikimuuliza gunia la nini anasema majani ya mbuzi, wakati mbuzi hana (nilikwenda kuhesabu). Nilipata maumivu ya kweli, msicheke. Nilikuwa nampenda Yustina, na kila ushahidi niliookota ulikuwa unamsogeza mbali nami, lakini sikuacha kuokota.

Kilichonimaliza ni yale maneno. Tulikuwa tumezima injini, nimelala chali chini ya bawa nakaza bolti, na ninyi hamjui masikio ya fundi wa jeti baada ya injini kuzimwa, yanakuwa kama yana nyuki ndani. Mzee amesimama upande wa pili na Msukuma mmoja mwenye baiskeli, wanaongea Kiswahili kwa sauti ya chini, maneno yananifikia vipande vipande. Msukuma aliuliza kitu juu ya shimo. Mzee akajibu maneno mengi, upepo ukayachukua, halafu nikasikia wazi kabisa:

"Ndani ya ndege ndiyo inavunjika vizuri. Jumapiri tunakamua."

Ndege inavunjika vizuri! Na Jumamosi ndiyo siku tuliyoambiwa wakubwa wa mkoa watakuja kuona jaribio la mwisho kabla ndege haijaruka. Hata hilo la kukamua nililipatia maana, nikasema wanataka kutukamua sisi, kutumaliza. (Sijui niliona mantiki gani hapo, lakini wakati ule iliniingia vizuri sana.)

Ijumaa tulipozima injini nikala haraka nikarudi kwenda kukaa mkiani. Nilikuta turubai limeshafungwa, na fundo lake halikuwa fundo letu, lilikuwa lile fundo la kufungia mbuzi. Nikaliogopa. Nilifundishwa kwamba mtego mwingine unakuwa kwenye kamba yenyewe, ukigusa tu umekwisha, basi sikugusa, na sikumwita mtu, nikaweka kigoda changu pale nikakaa hadi kukapambazuka. Nilikuwa nataka mwenyewe aje, nimwone kwa macho, mbele ya watu.

Alikuja. Alfajiri Mzee Bayaga aliniona nimekaa pale akashtuka kama mtu aliyemkuta nyoka chumbani. "Afande, umerara hapa?" Nikamwambia nipo kazini. Akasema nenda ukanywe uji, mimi nitarinda. Nikakataa. Akazunguka ndege, akarudi, akasema naitwa na Ruteni. Nikamtuma Saidi akaulize, Luteni hakuwa ameniita. Akaenda tena, akarudi tena, safari hii akaniomba kwa upole nimwachie nafasi kidogo tu, na asubuhi ilikuwa ya baridi lakini mzee alikuwa anatoka jasho kwenye paji la uso. Nikalitazama jasho lile nikajisemea moyoni leo ndiyo leo.

Watu wakajaa. Walitoka kijijini, walitoka Nyamahanga, wengine hata Bisibo, maana jeti si kitu cha kuona kila siku. Kwaya ya shule imepanga mistari, ngoma ipo, wakubwa wa mkoa wamefika kwa Landrova inayong'aa, wa kwanza wao amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ina makali. Luteni akatoa maelezo mafupi, akageuka kwangu akasema, "Koplo, fungua nyuma tuwashe."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu usiku kucha, maneno ya kishujaa, ya Kiswahili sanifu. Nikapiga hatua mbele, nikainua mkono, na ulimi wangu ukarudi Ngara bila kuniaga.

"Ndege imetegwa! Rareni chini! Wote rareni!"

Saidi aliniambia baadaye kwamba alidhani nataka kuanzisha wimbo. Lakini wenyeji walinielewa mara moja, wakaanguka chini kama mahindi, ngoma ikabingirika, watoto wa kwaya wakakimbilia mihogoni, na yule mkubwa wa suti ya kijivu akaruka mtaro, akaukosa, akaingia kwenye maji ya mvua mpaka kiunoni. Nikamwamuru dereva aiondoe Landrova aipeleke nyuma kabisa ya ndege, kule mbali, kwa sababu kwa hesabu zangu bomu lingetupa vitu mbele. Kisha nikamrukia Mzee Bayaga. Wanajeshi wengine waliokuja na wakubwa walikuwepo, ningeweza kuwaachia wao, lakini nilimshika mwenyewe, nikamfunga mikono nyuma kwa kamba, nikakaza.

"Afande," alisema taratibu. "Ni mimi."

"Najua ni wewe," nikamjibu.

Yustina alikuwa amesimama karibu na jiko na ndoo ya uji. Aliiweka chini, hakulala kama wenzake, akabaki anatutazama sisi wawili.

Luteni akauliza ni nani atafungua turubai, nikasema mimi, ni kazi yangu. Nikachukua mti mrefu nikaufunga ndoana ya waya, nikajilaza kwenye tope, nikatambaa kwa tumbo mbele ya macho ya wilaya nzima, nikainasa ile kamba, nikafumba macho, nikavuta. Fundo la mbuzi lilifunguka vizuri. Turubai likaanguka. Kikatoka kitu polepole, kikasimama kidogo ukingoni, kikadondoka. Ulikuwa mkungu wa ndizi. Ukafuata mwingine, na mwingine, ndizi zimeiva njano nzuri, zimefungwa majani makavu ya mgomba, zikawa zinabingirika chini ya mkia wa ndege ya jeshi.

Mtu mwingine hapo angesimama, akajipangusa tope, akaomba radhi. Mimi nilipiga kelele nikisema msizisogelee, huenda zimetiwa kitu ndani! Nikaagiza koleo. Nikaishika ndizi moja kwa koleo nikaikata katikati kwa uangalifu ule wa kukata waya wa baruti, na uwanja mzima umenyanyua vichwa kutoka chini unanitazama mimi na ndizi yangu. Saidi akaja akichechemea kwa kicheko, akachukua nusu moja, akaila.

"Ina mafuta ya taa kidogo," akasema, "lakini imeiva."

Hapo ndipo walipocheka, na nawaambia watu wakiwa wametoka kwenye hofu ya kifo wanacheka tofauti, wanashikana, wanalia. Mimi niliishika ile ndizi na kwa mara ya kwanza nikakiona nilichokuwa nakiona wiki nzima. Jani la mgomba. Utomvu wa ndizi. Ile harufu tamu. Mtoto wa Ngara mimi, mama yangu amevundika ndizi kila msimu kwenye shimo lenye joto, urwina tunaliita, nimechimba shimo hilo kwa mikono yangu, na nimekwenda kusoma ng'ambo nikarudi nikapambana na jani la mgomba kwa koleo. Na mzee hakusema inavunjika. Alisema inavundika, na cha kukamuliwa Jumapili kilikuwa ndizi.

Lakini Luteni hakucheka. Alimsogelea Mzee Bayaga akamuuliza kwa ile sauti yake ya chini kwa nini ametia vitu ndani ya ndege ya jeshi wakati wa vita. Mzee akainamisha kichwa. Luteni akarudia, akamwambia hilo si jambo la kuchekwa, kwamba asipojieleza atapandishwa lori apelekwe Mwanza na huko watu hawataona ndizi, wataona hujuma. Mzee alinitazama mara moja tu, akamwambia Luteni, "Nimekosa. Nipereke." Askari wawili wakamshika mabega, na mimi nikaanza kuogopa kwa sababu nyingine, maana nilijua sasa kwamba si jasusi, na bado sikujua anaficha nini hadi akubali kufungwa.

Yustina akapita katikati ya watu akasimama mbele ya Luteni. Hakulia.

"Mwacheni baba," alisema. "Shimo letu limejaa maji ya mvua, moshi mmetukataza, hakuna mahali pengine penye joto. Ndizi anaziingiza jioni mkishazima, anazitoa alfajiri. Anatengeneza pombe ya posa. Si ya kwake." Akaninyooshea kidole. "Ni pombe ya huyu. Alisema hana mtu wa kumpikia, baba akaogopa atakuja kudhalilika mbele ya ukoo wetu. Akasema tumpikie kwa siri, mitungi ataikuta kwa rafiki ya baba, yule Msukuma wa baiskeli, aingie nayo kama yake."

Kicheko kilikufa uwanja mzima. Wazee wa ukoo wa Bayaga walikuwa pale, wamekuja kuona ndege, na walinitazama kuanzia buti mpaka kofia. Mzee alifumba macho. Siri aliyokuwa tayari kupelekwa nayo Mwanza, kwa ajili ya kunistiri mimi, ilikuwa imemwagika, na aliyeimwaga kwa makelele ni mimi. Nilitamani lile bomba linimeze.

Luteni akaniuliza kama kuna dalili yoyote niliyoiona kabla. Nikatoa jani mfukoni. Alilitazama, akanitazama, akauliza nani mwenye kazi ya kukagua bomba la nyuma kila asubuhi. Nikasema mimi. Akasema, "Basi mfungue mzee."

Na hapo fundo langu likakataa. Nilikuwa nimelikaza kwa nguvu zote za uzalendo, nikavuta huku, nikavuta kule, watu wananitazama, dakika zinakwenda, mpaka mzee mwenyewe akageuza shingo akaninong'oneza, "Vuta hii ya chini." Nikavuta ya chini. Likafunguka.

Mngedhani imeisha. Wakubwa walikuwa bado wanasubiri, yule wa suti amekamuliwa maji na kupewa koti la mtu, na Luteni akasema jaribio liendelee. Nikaambiwa nikague bomba. Nilichungulia, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi na aibu, nikasema ni safi. Tukaiwasha. Injini ikanguruma vizuri kuliko siku zote, na tulipoipandisha nguvu, chana moja ya ndizi iliyokuwa imenasa ndani kabisa, nisiyoiona, ikatoka kwa nyuma kama imepigwa na mzinga, ikapaa, imeshaiva kwa moto, ikapasuka yote kwenye kioo cha Landrova ambayo mimi mwenyewe niliagiza ipelekwe kule. Harufu ya ndizi ya kuchoma ikaenea kiwanja kizima. Luteni akazima injini, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema bila kunitazama, "Injini ni nzima. Fundi ndiye anayehitaji matengenezo."

Niliiosha ile Landrova mbele ya wote, kwa kitambaa na maji ya mtaro, huku watoto wa kwaya waliorudi kutoka mihogoni wameshatunga wimbo wa ndizi na mpiga ngoma ameshaushika. Nilipomaliza nikaenda kwa Mzee Bayaga aliyekuwa amekaa kwenye kigoda changu anasugua mikono. Nikapiga magoti kwenye changarawe nikasema shikamoo. Akaendelea kusugua mikono, nami nikajua Yustina ameshaniponyoka.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Siku ya posa ni ireire. Ira pombe sasa uirete ya kwako. Wote wanajua."

Ndege iliporuka Luteni alinipa ruhusa bila kuombwa (nadhani hakutaka kuniona). Nilidandia lori hadi Ngara, nikamkuta baba mdogo, tukavundika, tukakamua, na kurudi hapakuwa na lori, tulisukuma baiskeli zenye mitungi milima yote ile, pale panapoitwa Benaco siku hizi nikaanguka na baiskeli nikaukumbatia mtungi badala ya kujikinga mwenyewe. Siku ya posa ukoo wote ulikuwa unanitazama, wengine bado wamenuna. Mzee akamiminiwa wa kwanza. Akanusa kwanza, muda mrefu, mpaka nikaanza kutoka jasho kama lile lake la asubuhi ile. Akaonja. Akatikisa kichwa akawaambia wazee wenzake, "Hii haina mafuta ya taa. Kweri ni yake." Wakacheka, na mtu akipata mkwe kwa kicheko anashukuru tu.

Lakini hakusahau. Miaka yote, kila nikienda kwake na kubisha hodi, alikuwa anasimama mlangoni anainua mikono miwili juu nimpekue, wajukuu wanaanguka chini kwa kucheka, na mimi nasimama pale na zawadi zangu sina pa kuangalia. Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, hawezi hata kugeuka. Nikabisha hodi. Akainua mkono mmoja, wa pili ukakataa, akaniangalia kama anayeomba radhi kwa huo uliokataa. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Wasiwasi sijapona, siwadanganyi, bado namhesabia jirani magunia. Ila niliapa, na kiapo hicho nimekishika, kwamba nikimwona mtu anaficha kitu, kabla sijatafuta kamba namkalia karibu namuuliza, kwa lugha ya kwetu na kwa sauti ya chini, mzee umevundika nini humo, na unamvundikia nani.